Glasi Zetu Si Chafu

Sisi wakazi wa Bulla Pesa, mjini Isiolo, tumechoka kuonekana watu wasiojua kuosha vyombo. Hakuna anayetuambia hivyo kinagaubaga, maana wageni wetu wana adabu, lakini macho nayo husema. Mgeni anakaribishwa, anapewa maji ya kunywa, na kabla hajapiga funda la kwanza anaigeuza glasi taratibu, anaitazama kwenye mwanga wa mlango, kisha anaiweka mezani na kusema hana kiu sana. Mwenye nyumba anaona. Glasi hiyo imeoshwa asubuhi kwa sabuni, ikasuuzwa mara mbili, ikaanikwa juani kwenye kichanja. Bado ina ukungu. Bado ina viduara vyeupe pale matone yalipokaukia, na kwenye mdomo wake kuna ukanda mweupe ambao ukiupitishia ukucha unausikia unakwaruza.

Lawama zinamwangukia nani? Msichana wa kazi, kama yupo. Kama hayupo, binti wa nyumba. Na aliyeolewa juzi ndiye mwenye mzigo mkubwa kuliko wote. Mama mkwe anashuka kutoka upande wa Meru, kwenye maji ya mito ya mlimani yasiyoacha alama, anafungua kabati la vyombo, anatoa moja ya zile glasi sita za mdomo wa dhahabu walizonunuliwa Eastleigh wakati wa harusi, na anauliza kwa upole, "Mwanangu, hizi unaziosha na nini?" Binti akijibu, "Ni maji, mama," inasikika kama kisingizio. Kwa hiyo ananyamaza, na mama anarudi kwake na picha ya nyumba ambayo si ya kweli.

Ni maji kweli. Kila anayeishi hapa anajua kwa mikono yake mwenyewe. Mto Isiolo unateremka kutoka upande wa Mlima Kenya, na maji yake hayakai na mawe muda mrefu kabla ya kutufikia. Ukifulia maji ya mto, povu linatoka upesi. Lakini mto hautoshelezi mji unaokua namna hii, na kiangazi kikizidi hupungua hata huo mdogo uliopo. Hapo ndipo visima virefu vinaposhika zamu, na pale mfereji unapokauka kabisa, mkokoteni wa punda unaleta mitungi kutoka mahali ambapo muuzaji peke yake ndiye anayepajua. Katika ule ukame wa kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mapema 2023, misimu mitano ya mvua ikifuatana bila kunyesha ya kutosha, tulikunywa maji ya kila namna na kushukuru kuyapata. Nani angeuliza habari ya doa kwenye glasi wakati ng'ombe wanakufa? Sasa tunauliza.

Maji ya kisima kirefu yamekaa chini muda mrefu sana. Mvua inaponyesha, maji yakipenya udongoni huokota hewa ya ukaa, yakapata ukali kidogo, na kwa ukali huo yakawa yanaumega mwamba polepole. Huku kwetu tuna mawe ya volkano ya Mlima Kenya na ya Nyambene, na chini yake na kaskazini kuna miamba ya kale zaidi. Kalsiamu na magnesiamu zinayeyuka humo, zinapanda na pampu, zinaingia kwenye bomba na kwenye mtungi bila kuonekana. Ukiyamimina maji hayo kwenye glasi, huoni kitu. Yakichemka, ile hewa ya ukaa inatoka, na kalsiamu inabaki bila kitu cha kuishikilia ndani ya maji, basi inaganda kuwa chokaa. Yakikauka juani ni vivyo hivyo: maji yanaruka, chokaa inabaki. Na jua la Isiolo mnalijua. Tone halimalizi dakika chache juu ya glasi. Lile doa la mviringo ni tone lililokauka mahali pake, na ukingo wake ndio mzito kuliko katikati kwa sababu tone hukauka kuanzia pembeni.

Tukisema hivyo tunaambiwa, "Lakini maji yamepimwa, ni salama." Inawezekana kabisa, na hatubishi. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa kinaruhusu ugumu, yaani kalsiamu na magnesiamu zikihesabiwa kama chokaa, wa hadi miligramu 300 kwa lita katika maji yaliyotibiwa, na hadi 600 katika maji ya asili. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu kwa sababu za kiafya, ila limeeleza kuwa ukipita kama miligramu 200 kwa lita, utando wa chokaa unaweza kuanza kuganda kwenye mabomba na vyombo. Pigeni hesabu hapo. Maji yanaweza kupasi kipimo bila wasiwasi wowote na bado yakakipaka chokaa kila chombo cha nyumba. Mwenye kupima anasema kweli, na mwenye kuosha glasi anasema kweli. Kosa ni kwamba hakuna aliyetueleza kuwa kweli hizo mbili zinakaa pamoja.

Na hesabu nyingine. Kama maji yana hizo miligramu 300, mtungi wa lita 20 umebeba gramu 6 za chokaa. Nyumba inayotumia mitungi mitano kwa siku inapitisha gramu 30, na kwa mwaka ni karibu kilo 11. Nyingi inaenda na maji machafu, lakini inayobaki inabaki kwetu: kwenye sufuria, kwenye birika, kwenye mfereji wa kutawadhia ulioota weupe, kwenye themosi ambayo ukichungulia ndani unaona ukuta wake umefifia.

Gharama yake haiishii kwenye aibu. Sabuni ya kipande ikikutana na kalsiamu haioshi kitu mpaka kwanza imalizane nayo. Inaganda kuwa ule utando wa kijivu unaoelea kwenye beseni, unashika kola za sare za shule na kuzifanya ngumu. Mama anasugua sabuni, anaongeza, anasugua tena, povu halitoki, na nusu ya kipande imekwisha kabla nguo hazijaanza kufuliwa. Sabuni ya unga inavumilia zaidi, ndiyo maana wengi tumehamia huko, lakini nayo ina bei yake. Maharagwe yanakaa motoni mpaka makaa yanaisha, kwa sababu kalsiamu inakaza ganda la punje lisilainike. Chai ya rangi ikipoa inafunga utando juu. Birika la umeme likishika kigaga ndani linachelewa kuchemka, na umeme unahesabiwa. Hizi ni pesa za watu wa kipato kidogo, zinatoka kidogo kidogo kila siku, na hakuna bili yoyote inayoziandika.

Kisha kuna hasara tunayojitia wenyewe kwa kukosa maelezo. Glasi ikionekana haitakati, mtu anachukua mchanga, majivu, au waya wa kusugulia sufuria. Tumefanya hivyo mtaa mzima, na mama zetu walifanya hivyo kabla yetu, wakikusudia usafi. Waya unaondoa chokaa na unachora glasi. Mikwaruzo hiyo ni midogo hata huioni mmoja mmoja, lakini ikiwa mingi glasi inakuwa na ukungu wa kudumu, na ile michoro inashika chokaa mpya haraka kuliko zamani. Ukingo wa dhahabu ndio unaoondoka wa kwanza. Glasi iliyofikia hapo haina dawa tena. Ni masikitiko, maana nyingi zingepona kwa kitu cha bei ya chini kinachouzwa kwenye kila duka la jumla hapa mjini.

Kitu hicho ni siki. Ile nyeupe ya kawaida, ya kutia kwenye kachumbari. Chokaa haivumilii ukali wa asidi. Ukitaka kujua kama doa lako ni la chokaa, dondosha siki kidogo juu yake usubiri. Sogeza jicho karibu: utaona vipovu vidogo vikipanda kutoka ukingoni mwa doa. Hiyo ni hewa ya ukaa inaachiwa, ileile iliyookotwa na mvua udongoni miaka iliyopita. Vikitoka vipovu, doa ni la chokaa na litatoka.

Zipange glasi kwenye beseni la plastiki, zimiminie siki iliyochanganywa na maji ya uvuguvugu kwa vipimo sawa, ziache nusu saa. Zilizoganda muda mrefu ziache zilale usiku kucha. Usizisugue na kitu kigumu. Tumia kitambaa laini, au mswaki wa zamani kwa ile pembe ya chini inayoshinda kidole. Kama ukungu uko kwenye mdomo tu, chovya kitambaa kwenye siki ukizungushie hapo. Glasi zenye dhahabu usizilaze humo, zipanguse haraka na uzisuuze, kwa sababu dhahabu hiyo ni rangi nyembamba na ukali ukikaa unaifubaza. Ndimu nayo inafanya kazi hiyo: kamua, paka, subiri, na ganda lililobaki sugulia mfereji. Kwa birika, tia siki na maji nusu kwa nusu, chemsha, acha ipoe humo ndani, mwaga, kisha chemsha maji matupu umwage tena kabla ya kupika chai ya mtu. Kigaga kinatoka vipande vipande, na mara ya kwanza utashangaa kilikuwa kingi kiasi gani.

Neno moja hapa tunalisema kwa sauti ya juu. Msichanganye siki wala ndimu na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ile yenye klorini. Wengi wanadhani dawa mbili zitashinda moja. Zikikutana zinatoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu, na jikoni zetu nyingi hazina dirisha la kutosha. Tumieni moja peke yake, suuzeni, mmalize.

Kuna doa lisilosikia siki. Unadondosha, unasubiri, hakuna kipovu, weupe uko palepale. Ama glasi imekwisha kuchorwa, au ni silika, madini yaleyale ambayo glasi yenyewe imetengenezwa kwayo, na maji ya nchi za volkano huwa nayo. Hilo likishaganda halina dawa ya jikoni. Njia ni kulizuia: usiiache glasi ikauke yenyewe juani. Ikitoka kwenye maji ya mwisho ifute papo hapo kwa kitambaa kikavu kisafi, kabla tone halijapata nafasi ya kukauka. Na mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba zikija, kingeni maji ya mabati baada ya vumbi la kwanza kuoshwa, mweke mtungi mmoja wa kusuuzia glasi tu. Maji ya mvua hayana chokaa. Glasi iliyosuuzwa nayo haibaki na alama, na huo ndio ushahidi mkubwa kuliko maneno yetu yote. Mikono ni ileile, sabuni ni ileile, kilichobadilika ni maji.

Tusingeandika haya yote kwa ajili ya glasi peke yake. Chokaa inayoonekana haituumizi tumboni. Kinachotutia hofu ni kisichoonekana. Visima vingi vya nchi hii, hasa vya maeneo yenye asili ya volkano, vina madini ya floridi, na floridi haiachi doa kwenye glasi. Inaacha kwenye meno. Mtoto anayekunywa maji yenye floridi nyingi wakati meno yake ya utu uzima yanajitengeneza ndani ya ufizi, yakiota yanatoka na mabaka meupe au ya kahawia ambayo hakuna mswaki unaoyaondoa. Ikizidi sana kwa miaka mingi, inaingia kwenye mifupa na kukaza viungo. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na hicho ndicho kilichomo katika kiwango chetu pia. Kuchemsha hakusaidii, kunaizidisha, kwa sababu maji yanapungua na floridi inabaki. Siki haiiambii kitu. Magadi tunayotia ili maharagwe yalainike upesi mara nyingi nayo huwa na floridi, kwa hiyo nyumba inayopigana na ugumu wa maji inaweza kuwa inajiongezea tatizo lingine bila kujua.

Kijana mwenye meno ya kahawia anacheka akiwa ameziba mdomo. Tumewaona, ni watoto wetu. Nao wanaambiwa hawapigi mswaki. Ni lawama ileile ya mama na glasi zake, ila huyu hawezi kujifungia kabatini mgeni akija.

Hatusemi kwamba maji ya Bulla Pesa yana floridi kupita kiasi. Tunasema hatujaonyeshwa. Bomba moja linaweza kuleta maji ya mto leo na ya kisima wiki ijayo, na hakuna anayetangaza. Mwenye mkokoteni haulizwi amechota wapi. Tunalipa bili inayotaja ujazo, tarehe na faini ya kuchelewa, na haina mstari hata mmoja unaosema ndani ya maji hayo mna nini.

London wana tatizo la glasi kama letu, maana sehemu kubwa ya maji yao hupitia kwenye miamba ya chokaa, na birika za huko zinashika kigaga kama za kwetu. Lakini mkazi wa huko anaandika msimbo wake wa posta kwenye intaneti na kampuni ya maji inamwambia ugumu wa maji ya mtaa wake ni kiasi gani. Anajua atie sabuni kiasi gani. Mama mkwe wake anajua pia. Na tusiambiwe kwamba haya ni ya nchi tajiri. Hapa hapa Kenya, Jimbo Katoliki la Nakuru limefanya kazi ya miaka mingi kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Tanzania ina kituo cha utafiti wa jambo hilohilo Ngurdoto, karibu na Arusha. Watu walipima kwanza, wakajua, ndipo wakatafuta dawa. Na mifupa, jamani, Isiolo haitafutwi mbali.

Haki yetu imeandikwa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na kile anacholipia. Jedwali la Nne limeweka huduma za maji mikononi mwa kaunti. Na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa ofisa aliyeombwa habari siku 21 za kujibu. Hatuombi mradi mpya wala bwawa jipya, ingawa tunayahitaji. Tunaomba karatasi.

Ombi letu kwa wanaotuletea maji ni hili. Pimeni kila chanzo, mto na kila kisima, na si mara moja tu, mpime kiangazi na masika. Andikeni ugumu, chumvi na floridi kwa tarakimu, kwa Kiswahili, Kiborana na Kisomali, mbandike ukutani pale tunapolipia bili, kwenye zahanati na kwenye lango la kila shule ya msingi. Mnapohamisha mtaa kutoka maji ya mto kwenda ya kisima, semeni siku hiyohiyo. Wauza maji kwa mikokoteni nao wasajiliwe, na kila mmoja aeleze anachota wapi.

Nanyi majirani, msingoje. Kila mmoja ana haki ya kuandika barua ya kuomba vipimo vya maji anayokunywa, na baba akisema hana muda, mama aandike. Weka tarehe, baki na nakala, hesabu siku 21.